Akina Mama Wanaokaguana

Juliana anauza dagaa sokoni Nyasubi, mjini Kahama. Wiki moja wateja watatu walimrudia na lalamiko lilelile: dagaa wana mchanga, mboga hailiki. Mmoja aliapa hatanunua tena kwake.

Juliana alitaka kujua mchanga umetoka wapi. Gunia lilikuwa limeshonewa kikaratasi chenye namba 14. Ni namba ya nani? Akakifumua, akapanda basi hadi Nkome, dagaa wake wanakoanikwa kando ya Ziwa Victoria.

Alipokelewa na Asteria, katibu wa kikundi cha akina mama waanika dagaa. Asteria alimweleza kuwa wana sheria walizojitungia wenyewe. Kila mwanachama ana namba yake. Kila mmoja anaanika juu ya chanja, yaani kitanda kirefu cha miti na nyavu, wala si chini. Kisha akakitazama kile kikaratasi. Namba 14 ilikuwa ya Mbuke, mwenyekiti wao.

Juliana alidhani jambo litafunikwa. Lakini alasiri kikundi kilikutana. Mbuke aliacha kiti chake, akaketi mkekani na wenzake, na Asteria akaongoza kikao. Mbuke alikiri kwamba chanja yake ilivunjika, naye akaanika mchangani siku mbili. Wenzake waliamua asitumie namba yake mpaka atengeneze chanja na ikaguliwe. Hakubisha, ila machozi yalimlengalenga.

"Mnawezaje kumwadhibu mkubwa wenu?" Juliana aliuliza.

"Mnunuzi hamjui Mbuke," Asteria alijibu. "Akikuta mchanga, atasema dagaa wa Nkome wote ni wabaya. Sheria ya serikali ipo, na afisa uvuvi yupo. Ila yeye haji kila siku. Sisi tunaonana kila siku."

Juliana alirudi Nyasubi akawasimulia wauzaji wenzake. Tisa kati yao wakakubaliana kukaguana: dagaa wakae juu ya meza, wafunikwe, na mteja mwenye lalamiko asikilizwe na kamati waliyoiunda. Siku ya ukaguzi wa kwanza kila mtu alisitasita.

"Anzeni na mimi, jamani," Juliana akasema.

Wakakuta gunia lake moja liko sakafuni. Akaandikiwa onyo, la kwanza kabisa katika daftari lao. Aliona haya, lakini kesho yake alileta meza ya pili.

Miezi miwili baadaye, wateja kutoka mitaa mingine walifika sokoni wakiulizia walipo wale akina mama wanaokaguana.