Singo la Nassra

Kila akirudi chuoni kusoma Kurani, Shemsa alivua buibui lake, akakaa ukumbini kwao Sokomuhogo na kutwanga karafuu na mawaridi makavu. Hayo yalikuwa ya singo, manukato ya kumsinga bibi harusi. Dada yake Nassra alikuwa anaolewa wiki ile, na nyumba nzima ilifurahi ila mwenye harusi.

Shemsa alijua sababu. Nassra alitaka yeye na mchumba wake, Mahfoudh, wakapime virusi vya UKIMWI kabla ya ndoa. Bibi yao, Bi Mwanaasha, alikuja juu kama maziwa motoni.

"Umwambie mtoto wa watu akapime? Kumtukana huko! Akivunja posa utauficha wapi uso?"

Tangu hapo Nassra akawa analia chini kwa chini. Shemsa alifundishwa habari hizo skuli, lakini ulimi ulikuwa mzito. Mtoto ataje mambo ya unyumba mbele ya wakubwa? Aibu iliyoje!

Alasiri moja akaja Bi Rukaiya, somo wa Nassra, mwenye kazi ya kumfunda na kumsinga.

"Shikamoo, Bi Rukaiya."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mwari wangu macho yamemvimba?"

"Sijui."

"Unajua. Mbona mchi umekusimama mkononi?"

Shemsa akauweka mchi chini. Akinyamaza, dada yake ataingia ndoani na hofu yake.

"Anataka wakapime, na bibi hataki," akasema kwa sauti ndogo. "Nami nnaona haya kusema."

Bi Rukaiya hakumkemea. Alimfuata Bi Mwanaasha jikoni. "Bi mkubwa, mie simsingi mtu mpaka wapime wote wawili."

"Wee! Mahfoudh anaswali safu ya mbele!"

"Na adumu. Lakini virusi haviulizi mtu anaswali safu ya ngapi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mtu akijijua mapema hupewa dawa akaishi, na mwenzake akakingwa."

Bi Mwanaasha akanuna, lakini harusi gani isiyo na somo? Mahfoudh akaitwa, akaja kukaa barazani. Nyuma ya mlango, Shemsa na Nassra walishikana mikono, wakasikia Bi Rukaiya akimweleza. Halafu kijana akashusha pumzi.

"Alhamdulillahi! Nami nlitaka kusema tangu siku ya posa. Nlichelea mtasema namshuku binti yenu."

Kesho yake wakaenda hospitali pamoja. Waliporudi, Nassra alikaa mkekani, akanyoosha mikono asingwe. Uso ulikuwa mkunjufu. Bi Mwanaasha hakuweza kujizuia.

"Enhe! Majibu je?"

"Hayo ni yao wawili," Bi Rukaiya akamkatiza, kisha akamgeukia Shemsa. "Na wewe sikiliza, mwanangu. Kusema watu wakapime, usione haya, kunaokoa maisha. Kuulizia majibu ya mwenzio, hapo ona haya mpaka ukaingie uvunguni."