Walisema Nimewekewa Mfupa wa Maiti

Nina miaka arobaini na mmoja, mama wa watoto wanne, mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa Rombo. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na sioni aibu tena kuyasema!

Fizi zangu zilitoka damu miaka mingi... nikanyamaza. Kinywa kikaanza kunuka, nikawa nafundisha nimejiziba kwa khanga. Meno ya chini yakaanza kucheza. Mwalimu mzima, nahimiza wenzangu usafi, kumbe mwenyewe naoza! Ningemwambia nani?

Mwishowe nikashuka Moshi, hospitali. Daktari wa meno akaniambia ugonjwa umekula mfupa unaoshikilia meno. Mawili yang'olewe. Mengine angejaribu kuyaokoa: asafishe chini ya fizi, kisha achukue mfupa kidogo nyuma ya taya, ajazie palipoliwa.

"Mfupa wa nani?" nikauliza kwa hofu.

"Wako mwenyewe, mama."

Nikakubali. Nilirudi uso umevimba, nikashinda kwa uji majuma mawili.

Siri hiyo nilimpa mtu mmoja tu, wifi yangu Manka, niliyemlea tangu msichana. Loo! Mwezi haukuisha, kijiji kizima kikasema nina mfupa wa maiti kinywani! Darasa langu likabaki na wazee watatu. Mume wangu akanitengea kikombe changu peke yangu... Nililia, ndugu zangu!

Siku ya ubatizo wa mtoto wa Manka, kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Ilipofika kwangu, Manka akaipitisha, akampa jirani yangu. Mbele ya watu wote!

Nikasimama. Nikaichukua ile kata, nikanywa mpaka nikaona chini. Kisha nikaachama.

"Njooni mtazame! Mfupa huu nimezaliwa nao. Manka, ulijua. Nilikuambia mwenyewe!"

Akainamisha kichwa. "Wifi, nilikuwa natania tu..."

Kutania!

Mama mkwe akaagiza kata ijazwe tena. "Anza wewe, Mama Elinami," akaniambia. Nikanywa, naye akanywa baada yangu. Mume wangu alitazama chini.

Darasani wengine walirudi, wengine hawajarudi mpaka leo. Sikuwabembeleza. Jino moja zaidi lilitoka, yaliyobaki yameshika. Manka namsalimu, siri simpi.

Wasomaji wenzangu, fizi ikitoa damu, usingoje! Manka aliniharibia jina, lakini meno matatu niliyapoteza kwa kunyamaza kwangu. Nendeni mapema mkatibiwe. Watakaosema, waache waseme!