Arthur Hakutaka Taa

"Taa sitaki," Arthur alisema. "Hata moja."

Lenox alicheka. Alikuwa ameshika feni mbili za kompyuta, zile zinazowaka rangi zote, na duka lake lililoko upande wa Kenya, pale Busia, lilikuwa limejaa za aina hiyo kutoka sakafuni hadi juu.

"Boss, nani siku hizi anajenga mashine ya game bila taa? Wateja wangu wanauliza taa kabla waulize prosesa."

"Mimi nitafutie kasha nyeusi. Isiwe na kioo kwa ubavu. Na feni ya kawaida."

Norah, mchumba wake, aliyekuwa ameketi kando yake kwenye kiti cha plastiki, alimwambia kasha hilo litafanana na sanduku la misumari. Kwa kawaida Arthur alicheka kwa utani wake, hata ule usiochekesha. Siku hiyo hakucheka.

Norah Imalingat alikuwa karani wa mizani katika kiwanda kimoja cha saruji huko Tororo, upande wa Uganda. Kazi yake ilikuwa kupima malori kabla hayajatoka, na madereva walimpa jina la Madam Hapana, kwa sababu lori likizidi uzito halikutoka hata dereva apige magoti kwenye vumbi. Wengi walimwogopa. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyeweza kumlainisha, naye ni huyu Arthur Odwori wa Dabani, kijiji cha upande huohuo wa Uganda.

Na nani angemlaumu? Arthur alikuwa mtoto wa wakulima wa mahindi, wa kwanza katika kata yao kuingia chuo cha urubani. Saa zake za kuruka hazikufika hata arobaini, zote akiwa na mwalimu pembeni, lakini Dabani nzima ilimwita Kapteni. Miezi minane iliyopita alirudi nyumbani ghafla. Alisema ndege za chuo ni mbovu na kwamba anatafuta chuo kingine. Watu wakaamini, Norah akaamini zaidi yao. Sasa chuo kingine kilikuwa kimemkubali, na alitakiwa kuripoti Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao. Mikono yake ilikuwa imelala muda mrefu, kwa hiyo alihitaji kompyuta ya kujifunzia kuruka akiwa nyumbani. Norah alisema wataijenga pamoja, iwe zawadi yake kabla ya harusi ya Desemba.

Kuchagua vifaa kuliwachukua wiki tatu, na nikisema zilikuwa wiki tamu kuliko zote walizowahi kuwa nazo, sitii chumvi. Arthur alimchorea kila kitu kwenye daftari. Alimweleza kuwa mchezo wa ndege haufanani na mchezo wa mpira. Huu hula prosesa kwanza, maana kompyuta inapiga hesabu ya upepo, mafuta, uzito na dunia yote iliyo chini. Halafu unahitaji RAM nyingi. Kadi ya grafiki ya wastani ingetosha. Lenox alipinga, akataka kadi kubwa, wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwishowe Arthur alipunguza kwenye kadi akaongeza kwenye skrini. Aliuliza kila skrini inapepesa mara ngapi kwa sekunde, akaitazama kwa jicho la kando akiwa amefumba nusu, kisha akachagua ile iliyotulia kuliko zote. Norah alidhani hilo ndilo jicho la rubani.

Siku moja alimuuliza ni kitu gani kinasumbua zaidi huko angani.

"Jua," Arthur alimjibu. "Ukiwa nalo mbele, panga ya ndege, ile inayozunguka kwa pua, inalikatakata. Mwangaza unakupigapiga kwa macho, pa pa pa pa. Unaweza kupotea."

Halafu akabadilisha mazungumzo haraka. Akamwahidi kwamba kompyuta ikiwaka atamrusha juu ya Mwamba wa Tororo, ule mlima wa jiwe ulio juu ya mji, aione mizani yake ikiwa ndogo kama kibiriti.

Upande wa ukoo, mambo yalikuwa yameshapita salama. Kabla ya posa kupokelewa, Alupo, shangazi yake Norah, alitumwa Dabani kuuliza, kama inavyofanywa kwao: je, nyumba hiyo ina wazimu? Ina uchawi? Ina kifafa? Alikunywa chai katika nyumba nne, na katika zote nne alisimuliwa habari za Kapteni tu. Alirudi na kuku na sifa.

Siku ya kuchukua kompyuta, Norah alivuka mpaka peke yake. Alimwambia Lenox atoe feni zile nyeusi, aweke zenye taa, na waya mwingine wa taa uzunguke ndani ya kasha lenye kioo.

Lenox alisita. "Madam, si jamaa alisema hata moja?"

"Anaogopa kunimaliza mfuko. Huyo namjua. Akitaka kitu sana, ndipo anasema hataki."

Walikubaliana Lenox aje mwenyewe kuifunga Dabani siku ya Jumapili, baada ya kanisa.

Jumapili hiyo sebule ya Mama Barbara, mamake Arthur, ilijaa. Majirani walikuja, shangazi Alupo akaja, na Paddy, binamu yake Arthur, ambaye anafanana naye mpaka watu huwachanganya. Mapazia yalifungwa ili picha ionekane vizuri. Kasha lilifunikwa kitenge, na Norah akamwonya Arthur asifunue mpaka aambiwe. Arthur akaketi, akashika usukani, na uwanja wa Entebbe ukajitokeza kwenye skrini. Aliondoka taratibu. Magurudumu yalipoacha lami, wazee walipiga makofi kana kwamba wao ndio wanaosafiri. Akaelekea mashariki, na baada ya kitambo, kule mbele, Mwamba ukatokea.

Hapo Norah akavuta kitenge na kubonyeza rimoti.

Taa ziliwaka nyekundu, buluu na nyeupe, zikicheza mbiombio namna wanavyopenda vijana wa mjini. Watu walishangilia. Arthur aligeuka akazitazama.

"Zima," alisema. Hakupaza sauti. "Norah, zima."

Norah alidhani ni furaha imemzidi. Akatabasamu, rimoti ikiwa mkononi. Shingo ya Arthur ikajipinda upande mmoja, macho yakapanda, akaanguka pamoja na kiti.

Watu wote walirudi nyuma hadi ukutani. Mama Barbara ndiye aliyesema.

"Msimguse. Mate yake yasiguse mtu."

Huko wengi bado wanaamini kwamba ukimgusa mtu wa kifafa akiwa chini, unakuwa wa pili kuugua. Norah aliruka meza akamshika. Lenox alichomoa waya ukutani, taa na Mwamba vikafa kwa pamoja, akapiga magoti, akamlaza Arthur ubavu na kumwekea koti lake chini ya kichwa. Alimwambia Norah asimtie kitu mdomoni, angoje tu, dadake yeye Lenox anacho kifafa, na huwa kinapita. Ilikuwa dakika mbili. Kwa Norah ilikuwa nusu ya maisha.

Shangazi Alupo hakungoja. Alikuwa amemsikia mama akitaja mate kabla mtu yeyote hajajua huu ni ugonjwa gani. Alichukua mkoba wake akatoka bila kuaga.

Arthur alipozinduka walimpeleka chumbani kwake. Norah aliketi ukingoni mwa kitanda, akamfuta uso kwa kitambaa.

"Tangu lini?"

"Kule chuo. Nilianguka darasani, asubuhi ya kuruka. Daktari wao akaandika kifafa, wakanirudisha."

"Na mama alijua."

"Alijua. Majirani pia, wengine. Walininyamazia."

"Na hii chuo ya mwezi ujao? Hao hawapimi watu?"

Arthur alitazama ukuta. Norah akaona nguo ya Paddy imetundikwa kwenye msumari, na ule mfanano wao ukamjia kichwani kabla hajajibiwa.

"Paddy alienda kupimwa kwa jina yangu," Arthur alisema.

Norah alikikunja kile kitambaa. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Ungeniambia, ningekaa. Hii kitu ina dawa. Mimi ningekuwa nakukumbusha kila asubuhi, kama chai."

"Sasa unajua. Kaa."

"Na wewe naweza kukaa. Na hiyo ndege, hapana."

"Dawa inanishika, Norah. Miezi tano sijaanguka."

"Umeanguka leo."

"Ni sababu ya taa zako!"

Neno hilo lilimkata, na sitaki kukudanganya kwamba halikumkata. Alilia kidogo, akajifuta kwa kitambaa kilekile.

"Taa ni zangu, ndiyo. Niliweka kwa kukupenda, na nitajuta mpaka nife. Lakini jua likikatwakatwa na panga, hiyo utamwambia nani azime? Na nyuma yako kuna watoto wa watu wamefunga mikanda."

Arthur aligeukia ukutani.

"Piga simu huko chuoni mwenyewe," Norah alisema. "Waambie ukweli. Nakupa mpaka kesho jioni. Usipopiga, napiga mimi."

"Ukipiga, harusi hakuna."

"Najua."

Kesho yake, saa nne asubuhi, Norah akiwa kazini, alimtumia ujumbe: "Umepiga?" Aliona umesomwa. Saa saba akatuma tena: "Arthur, tafadhali. Twende kwa daktari wa kweli pamoja. Mimi bado niko." Ukasomwa pia.

Saa kumi na moja simu yake ikalia mlio mfupi: "Norah, mimi bila ndege ni nani? Niache nijaribu mara moja tu. Nikishindwa nitaacha."

Wakati huo lori lilikuwa juu ya mizani. Lilikuwa limezidi. Dereva alishuka, akaja dirishani na hadithi ya mtoto mgonjwa na barabara mbaya ya Malaba. Norah alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia arudi akashushe mifuko. Akafunga dirisha. Akapiga simu kule chuoni.

Mwanamke aliyepokea alikuwa mpole. Aliandika jina la Arthur herufi kwa herufi, akauliza habari ya Paddy mara mbili ili aelewe. Mwisho akauliza, "Na wewe ni nani kwake?"

"Mchumba wake," Norah alisema. Halafu akasema, "Nilikuwa."

Hakuna haja ya kurefusha yaliyofuata. Chuo kilimfuta Arthur kabla hajafika. Ndugu zake wakarudisha ujumbe kwamba hakuna harusi. Shangazi Alupo alimshukuru Mungu kwa sauti. Norah hakuitikia amina. Huko Dabani ilisemwa kuwa msichana wa Tororo alimroga Kapteni kwa taa. Namba yake ilifungwa kwenye simu ya Arthur, na kila alipojaribu kwa namba nyingine, sauti ya Arthur ilisema halo, ikamtambua kwa pumzi tu, ikakata.

Wiki ya sita, Mama Barbara aliteremka kwenye bodaboda mbele ya mizani, akiwa na katoni ndogo kifuani. Alikuwa amekonda. Norah alimpigia goti kumsalimu, kama zamani. Mama aliibana katoni zaidi.

"Umemuua mtoto wangu," alisema.

"Anakula, mama?"

"Kidogo."

"Anameza dawa?"

Mama Barbara aliihamisha katoni mkono wa pili. "Siku hizi anameza. Zamani alikuwa anaficha, watu wasione, siku nyingine hamezi."

"Basi yuko hai, mama. Mimi hiyo tu ndiyo nilitaka."

Mama alimtazama. Akaweka katoni juu ya meza, akasema ametumwa, akarudi kwenye bodaboda yake. Ndani ya katoni mlikuwa na zile feni mbili na ule waya wa taa, vyote vimekatwa kwa kisu. Norah alipekua mpaka chini akitafuta karatasi. Hapakuwa na barua.

Jumamosi alivuka mpaka, akaiweka ile katoni kwenye kaunta ya Lenox.

"Hizi zimeisha, madam. Amekata vibaya. Siwezi unganisha."

"Sikuleta utengeneze. Nataka kujua tu. Zikitoka hizi, kompyuta inakufa?"

"Haifi. Lakini ikifanya kazi bila feni itachemka." Lenox alijikuna kichwa, hakuwa na uhakika kama aseme. "Paddy alikuja hapa wiki iliyopita. Alinunua feni mbili. Nyeusi, za kawaida. Na kasha lisilo na kioo."

Norah alishika ukingo wa kaunta.

"Kwa hiyo anaruka."

"Kila siku, Paddy anasema. Akimeza dawa, mamake anakaa kando yake, naye anaruka kwa skrini. Anatoka Entebbe, anakuja mpaka Tororo, anazunguka ule mwamba wenu, anarudi."

"Ameniulizia?"

Lenox aliinamia katoni, akaifunga vizuri ingawa haikuhitaji kufungwa.

"Hapana, madam. Hajauliza."

Norah alimshukuru, akaacha katoni pale pale. Jioni, jua likiwa bado halijazama, alishuka Tororo mjini, akasimama kando ya barabara na kutazama juu ya Mwamba. Hakukuwa na kitu angani. Alijua hakutakuwa na kitu. Akasimama pale mpaka watu wakaanza kumuuliza anamngoja nani.