Bandama ya Lanuola

Jumamosi asubuhi nyumba ya Moelagi haikukosa watu. Mmoja kateguka mguu, mwingine shingo imekakamaa, mtoto analia tumbo. Moelagi aliwalaza mkekani, akajipaka mafuta ya nazi viganjani, akaanza kazi. Kukanda alifundishwa na mama yake. Hakumtoza mtu, ila akiletewa kikapu cha majimbi alikipokea. Pale kisiwani Savai'i, Samoa, hakuna aliyemfikia kwa kukanda, na mwenyewe alilijua hilo vizuri mno.

Mjukuu wake Lanuola alikuwa na miaka kumi na tisa. Mama wa msichana alikuwa New Zealand akichuma matufaha, kwa hiyo nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na bibi. Lanuola alikuwa mchezaji hodari wa kirikiti, kriketi ya kwao. Akiupiga mpira, watu waliusaka minazini.

Mwezi wa tano alianza kuumwa koo. Kumeza hata maji ilikuwa taabu. Homa ilipanda na shingo ikavimba pande zote mbili. Baada ya siku kumi homa ilishuka, lakini nguvu hazikurudi. Alilala mchana kutwa na kuamka amechoka.

"Wewe Lanuola, umeolewa na huo mkeka?" bibi alimuuliza. "Majani uani yamenifika magotini."

"Bibi, sina nguvu. Nikisimama naona giza."

"Giza la uvivu hilo! Hebu nenda kalete nazi."

Lanuola akaenda. Alirudi na mzigo begani, akautua, akajishika ubavu wa kushoto.

"Hapa panauma, bibi."

Moelagi alipapasa chini ya mbavu. Vidole vyake vikakuta kitu kigumu ambacho hakikuwapo zamani. Wala hakushtuka. Alifurahi, maana alidhani amekijua.

"To'ala hiyo, kile kiungo cha tumboni tunachokijua wakandaji. Kazi yake ni kukaa kitovuni, lakini umebeba mzigo na njaa, imehama. Lala niirudishe."

"Tusiende kwanza kwa Siniva zahanati?"

"Siniva nilimkanda mimi akiwa hana hata jino. Lala!"

Akakanda. Alisukuma kile kitu kutoka mbavuni kwenda kitovuni, kwanza kwa vidole, kisha kwa kiganja.

"Bibi, taratibu!"

"Vumilia. Mbona uwanjani hulii?"

Akasukuma tena kwa nguvu, akasikia kitu kimelegea chini ya mkono. "Imerudi," alisema.

Midomo ya Lanuola ilikuwa imepauka. "Bega," alinong'ona. "Bega la kushoto linauma."

Bega Moelagi hakuligusa kabisa. Alimwona mjukuu wake akitoka jasho la baridi. Msichana alijaribu kuketi, akaanguka kifudifudi. Moelagi alipiga ukelele hadi jirani yake Fiapopo akaja mbio na gari lake la mizigo. Walimlaza nyuma juu ya magunia, wakampeleka hospitali.

Madaktari walimpasua siku ileile. Tumbo lilijaa damu. Waliitoa bandama, kwa sababu ilikuwa imepasuka na haikushoneka.

Siku ya nne Siniva, muuguzi wa kijiji, alikuja kuwatazama. Alikaa kitandani pembeni ya Lanuola.

"Vipimo vimetoka," alisema. "Ni homa ya tezi. Inaletwa na virusi vinavyokaa kwenye mate. Vinapita kwa busu, au kwa kunywea kikombe kimoja na mwenye navyo. Huwapata sana vijana."

"Basi wampe dawa ya kuua hivyo virusi," Moelagi alisema.

"Haipo, bibi. Antibayotiki haziviui, na nyingine zinamtoa mgonjwa vipele mwili mzima. Dawa yake ni kupumzika, kunywa maji mengi, na kitu cha kutuliza homa na maumivu. Wengi hupona wenyewe. Uchovu ndio unaokawia, wiki kadhaa, hata miezi. Si uvivu huo."

Moelagi aliinamisha kichwa.

"Sasa, ugonjwa huu huvimbisha bandama," Siniva aliendelea. "Ndiyo hii inayokaa chini ya mbavu za kushoto. Ikivimba inakuwa dhaifu, rahisi kupasuka. Mgonjwa asibebe mizigo, asicheze michezo ya kugongana, na tumbo lake lisibonyezwe. Akiumwa ghafla ubavu huo au bega la kushoto, ni hospitali mbio. Lanuola, wewe kilikupata nini?"

Lanuola alimtazama bibi yake. "Niliteleza," alisema. "Nikaangukia nazi."

Moelagi alimnyooshea shuka, akauacha uongo upite.

"Bandama ilikuwa inakulinda," Siniva alimwambia msichana. "Sasa huna. Utachanjwa, utameza dawa kila siku, na ukipata homa hata kidogo uje saa hiyohiyo. Usingoje kesho."

Waliporudi nyumbani, kijiji kiliwapa pole kwa ile ajali. Fiapopo alileta samaki, shelisheli, supu. Moelagi alikula chakula cha uongo. Aliona haya kupita kiasi. Bado watu walikuja Jumamosi, na bado aliwakanda.

Mwezi wa saba Fiapopo alimleta mwanawe Aukuso, mchezaji wa raga wa miaka kumi na saba. Shingo ya kijana ilikuwa imevimba.

"Wiki mbili hizi amechoka tu," Fiapopo alisema. "Timu nzima wanagombania chupa moja ya maji, sijui kaokota nini. Na ubavuni kushoto pamekuwa pagumu. Mkande, mama. Wiki ijayo ana mechi."

Aukuso alikuwa amekwisha kulala mkekani, shati juu.

"Simgusi," Moelagi alisema.

"Nimekukosea nini? Si gari langu lililombeba mjukuu wako?"

"Ndiyo maana simgusi. Lanuola hakuanguka. Nilimpasua mimi, kwa mikono hii, nikikanda mahali palepale."

"Bibi, nyamaza!" Lanuola aliita kutoka jikoni.

"Umenifichia vya kutosha."

Fiapopo alimshusha mwanawe shati. "Miezi miwili nakuletea chakula," alisema. "Miezi miwili unaniangalia usoni."

Alimshika Aukuso mkono, wakaenda kwa Siniva.

Ilikuwa homa ya tezi. Siniva alimpa kijana kikombe chake peke yake na kumkataza raga na mizigo mpaka apimwe tena na kuruhusiwa. Timu ilifungwa vibaya bila yeye. Mwezi wa tisa aliingia uwanjani mzima, na bandama yake ndani.

Fiapopo hakumsalimu Moelagi hata kanisani. Jumamosi wagonjwa walipungua wakawa wawili, watatu. Mwenye homa, au shingo iliyovimba, Moelagi hamlazi mkekani. Huvaa kandambili zake akampeleka zahanati mwenyewe.

"Ulikuwa na haja gani ya kusema?" Lanuola alimuuliza siku moja, akimeza kidonge chake. "Mimi nilishakusamehe."

"Wewe ulibaki hai ukanisamehe," bibi alimjibu. "Aukuso je, angebaki?"