Pedali ya Lori la Kijiji

Haya yalimpata rafiki yangu Hana kule Shelui, tulipohamia vijiji vya Ujamaa. Mumewe alifia kwenye mteremko wa Sekenke, breki za lori la kijiji zilipokataa. Lori likavutwa hadi nyumbani. Shemeji yake Antipasi akafunga breki mpya, lakini pedali ikabaki laini, na mtoto wa Hana alikuwa taabani akingoja kupelekwa hospitali.

Jioni Antipasi akalala chini ya lori kutoa upepo kwenye breki. Hana akakaa kwenye usukani amsaidie.

“Kanyaga, shemeji. Shikilia. Achia.”

Mtoto akalia ndani ya nyumba. Hana akashuka kimya kumchukua. Aliporudi na mtoto mgongoni, akasimama nje ya mlango wa lori; ndani giza lilikuwa limeingia.

“Sasa unakanyaga kama mtu aliyekula ugali,” Antipasi alisema kutoka chini. “Kanyaga tena.”

Springi za kiti kitupu zikalia. Pedali ikashuka taratibu, ikabaki chini, mpaka Antipasi aliposema, “Achia.”