Tufuate India

Ukumbi wa kanisa pale Riruta Satellite ulijaa watu waliokuwa wakiidai kampuni ya mikate ya marehemu Mukhwana. Mwenye mayai alikuwepo, mwenye sukari, mwenye kuni, hata fundi wa gari. Valentine, bintiye Mukhwana, alisimama mlangoni na trei ya skonzi, gauni jeusi limepigwa pasi, kichwani kitambaa cheupe cha kazini. Alikuwa amemzika babake mapema mwaka huo, akaachiwa tanuri pale Kawangware pamoja na madeni yake.

Kijana mrefu mwenye shati la samawati alichukua skonzi mbili.

"Kila mdai moja," Valentine akamwambia.

"Mimi nadai kuliko wote," akajibu huku anatafuna. "Huu unga wenyewe ni wetu."

Jina lake Nicanor, wa Kisumu Ndogo kule Kibera, karani wa kampuni iliyowauzia unga. Valentine alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, mara ya kwanza tangu matanga.

Mbele, mtaalamu wa ufilisi alieleza kwamba sheria ya Kenya inamruhusu mwenye kampuni kuleta mpango wa kulipa polepole. Wadai wakiukubali kwa kura, kampuni inaendelea na yeye mtaalamu anausimamia. Wakiukataa, tanuri linauzwa. Wadai walipewa muda wa kufikiri, wakutane tena kupiga kura.

Nicanor alianza kumpigia Valentine simu jioni, akitoka darasani. Alikuwa anasomea sheria, na insha yake ililinganisha jinsi nchi kubwa zinazoinukia zinavyoshughulikia kampuni zilizolemewa na madeni. Valentine angekanda unga, simu imeegemea mkebe wa hamira, na Nicanor angemsimulia. Brazil, alisema, mwenye kampuni hubaki kazini, wadai wakizuiwa kumgusa kwa muda, naye analeta mpango wake. Afrika Kusini humleta mtu wa kuiokoa kampuni, akashika usukani. India ni kali: mwenye kampuni huwekwa kando, wadai wakaamua, na saa inahesabu, wasipoelewana kwa wakati kampuni inauzwa.

"Mimi nitakuwa Brazil," Valentine alimwambia. "Hapa sitoki."

"Niaje basi, Brazil," Nicanor akamsalimu, na likawa ndilo jina lake. Naye Valentine akamwita "mdai wangu". Jumapili baada ya ibada walitembea hadi Silanga, kule Kibera, kununua sukumawiki, Valentine akiwa na viatu vyekundu alivyoazima kwa binamu yake, na Nicanor akabeba mfuko bila kuambiwa. Aproni ya Mukhwana ilikuwa bado kwenye msumari kando ya tanuri. Nicanor hakuuliza ni ya nani, na hakuigusa. Valentine alimpenda kwa hilo.

Kisha, siku chache kabla ya kura, Nicanor alikuja kumsaidia kufunga mikate. Simu yake ikalia, akatoka nje kuongea na bosi wake, Mama Wakarima. Dirisha lilikuwa wazi.

"Hapana, bosi," Valentine alimsikia. "Kwa hii ya Mukhwana, mimi nasema tufuate India."

Aliporudi ndani, Valentine alikuwa ameshika mlango.

"Toka."

"Brazil, kwani kuna nini?"

"Usiniite hivyo. Nenda ukaandike insha yako."

Nicanor alipiga simu mara kadhaa, hazikushikwa. Alimtuma Adhis, muuza chai wa jirani, akarudishwa na jibu kwamba kuna kazi nyingi kwenye tanuri. Usiku Valentine alijilaumu kwa kumweleza mdai kila kitu, hata mahali babake alipokuwa akikosea hesabu.

Siku ya kura hakuleta skonzi. Nicanor hakuonekana. Kiti cha kampuni ya unga kilikaliwa na Mama Wakarima mwenyewe, mwenye koti la kijivu na miwani iliyoteremka puani. Mpango wa Valentine uliposomwa, mama huyo alisimama.

"Tunakubali, lakini kwa sharti moja. Msichana abaki kwa tanuri, hakuna wa kumwondoa. Ila mpango uwe na tarehe ya mwisho kama ya India, usije ukaburutwa hadi sisi wote tuzeeke. Hilo wazo ni la karani wangu."

"Na karani mwenyewe yuko wapi?" mwenye mayai aliuliza.

"Alijiondoa. Aliniambia hawezi kuwa upande wetu katika hii kesi, ana maslahi." Alimtazama Valentine juu ya miwani. "Hakusema maslahi gani. Sikuwa na haja ya kuuliza."

Mikono ikainuliwa. Mpango ukapita.

Valentine alimpigia Nicanor simu akiwa bado kwenye ngazi za kanisa.

"Ulisema India."

"Nilisema saa ya India. Wewe hukungoja nimalize."

"Kosa langu. Uko wapi?"

Nicanor alikuwa nje ya duka la mikate la Valentine, pale Kawangware, tangu asubuhi. Valentine alipofika, alimkuta bado mlangoni.

"Nina mpango pia," Nicanor alisema. "Wewe unabaki pale ulipo, kama Brazil. Mimi ndiye naomba kuingia. Nikuoe, Valentine."

"Na tarehe?"

"Hiyo tufuate India."

 Valentine aliingia ndani, akaitoa aproni ya babake kwenye msumari, akakung'uta unga uliokuwa umekauka kwenye mfuko wake, akamfunga nayo Nicanor kiunoni.

"Ukiunguza mkate," alisema, "nakufilisi."