Zamu Isiyo na Mwenyewe

Rafiki yangu mmoja, fundi cherehani, alijiunga na kikundi cha maigizo kilichokuwa kikifanyia mazoezi tamthilia ya Kiingereza cha kale. Kila mwigizaji alipewa karatasi yenye maneno yake tu, na juu ya kila jibu, maneno machache ya mwenzake ya kumjulisha kwamba zamu yake imefika. Yeye alikariri kama kasuku, haelewi hili wala lile.

Ila jibu lake la mwisho lilitanguliwa na swali ambalo halikuwa kwenye karatasi ya mtu mwingine. Aliwauliza wote, wakakana. Hakuwaamini, alijua wanamchezea shere.

Alasiri moja alikwenda stoo kuchukua magauni. Taa ilikuwa imeungua. Alipokuwa akipapasa gizani, akasikia nguo zikichakarika kule mwisho, kisha sauti ya chini ikauliza lile swali, taratibu. Mdomo wake ukajibu kabla hajafikiri.

Alipotoka, wenzake wote walikuwa jukwaani.

Alikwenda moja kwa moja nyumbani kwake, akafunga mlango kwa komeo, akampigia simu mwalimu wake wa zamani wa Kiingereza. Akamsomea lile jibu tu, maana lile swali aliogopa kulitamka.

“Unasema, ‘Mpaka kaburini,’” mwalimu akamweleza. “Maana umeulizwa, ‘Nifuatane nawe?’”

“Mwalimu, swali sijakusomea.”

“Najua, mwanangu. Amelisoma huyo aliye karibu yako. Tena Kiingereza hicho anakitamka vizuri kuliko wewe.”